Koti la Sungura

Siku tuliyomzika Kondo nilifanya kosa ambalo watu wa kijijini kwao, Msimbu, walinisema nalo mpaka siku ya kuondoa matanga: nililia. Mimi ni Mnyamwezi, naye alikuwa Mzaramo, na kati ya makabila yetu kuna utani wa tangu enzi za mababu zangu wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani msibani ana kazi yake. Huja kuvuruga kilio. Huwazuia wachimba kaburi njiani, huigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, huvaa nguo zake, humsema vibaya mpaka wafiwa wacheke bila kupenda, na hakuna mwenye ruhusa ya kumkasirikia. Mimi nilikaa kwenye mkeka wa ndugu nimejiinamia, kamasi zikinitoka kama mtoto. Mjomba wake Kondo alinipita na birika la kahawa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu Mnyamwezi kaja kufanya kazi au kaja kula?" Watu wakacheka kidogo, wakanitazama nijibu. Nikapokea kikombe cha kahawa nikanywa.

Sababu ya kushindwa kwangu naijua, nayo ni koti. Najua ninavyoonekana nikisema hivyo: rafiki amekufa kwa mapafu, ameacha mke na watoto, nami nakaa nasimulia habari za mitumba. Lakini pale Maili Moja, Kibaha, hakuna anayeniita Maganga, jina nililokuja nalo. Wananiita Sungura. Juu ya mlango wa duka langu la vipuri vya pikipiki pameandikwa Sungura kwa rangi nyekundu, mke wangu mafundi wanamwita Mama Sungura, na vijana wanaokuja kununua plagi na cheni wanadhani jina hilo nimelipata kwa ujanja. Ujanja sina, na sijawahi kuwa nao. Jina lilitoka kifuani mwa koti, na koti lilitoka kwa Kondo, mwaka ule mmoja tulioendesha bodaboda kijiwe kimoja na kulala chumba kimoja. Kila anayeniita ananikumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe halijui.

Chumba kilikuwa Mkuza, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akipika mihogo ya asubuhi. Kilikuwa na dirisha moja la nondo lisilo na kioo, tukaliziba kwa kipande cha turubai. Pikipiki zetu zililala ndani pamoja nasi, kwa hiyo kila kitu kilinuka petroli: shuka, sabuni, hata chapati tulizoficha kwenye sufuria. Kitanda kilikuwa kimoja na mkeka mmoja, na tuligombania mkeka, maana kitanda kilikuwa na kunguni. Kondo tayari alikuwa na mke, Zena, nyumbani kwao Msimbu, na kila Ijumaa alirudi huko akaja na kisamvu na korosho kwenye mfuko wa rambo. Tulikula tukitukanana. "Kula, mtani," alikuwa akisema, "wewe umezaliwa kubeba, tumbo lako ni gunia." Nami nilimwambia kwamba Wazaramo wakivuna korosho humaliza zote kwenye ngoma, ndiyo maana yeye ananiletea zilizobaki chini ya jukwaa. Hatukuwahi kuambiana neno la maana moja kwa moja. Hilo sasa linaniuma, ila wakati ule niliona ndiyo raha yenyewe.

Anayesema pwani hakuna baridi hajawahi kupanda pikipiki alfajiri ya masika, akashuka mabonde ya Kisarawe na shati lililolowa. Abiria wetu wengi walikuwa wa huko: walimu wa shule za vijijini, akina mama wa mihogo, watu wa mkaa wa Masaki, ile ya Kisarawe. Ukungu unakaa barabarani mpaka jua lipande, na baada ya mvua inakuja Juni na upepo wake mkavu, kwa hiyo mtu anapata baridi ya maji kwanza, kisha baridi ya upepo. Koti ndilo lililokuwa tofauti ya kufanya kazi na kulala na vichomi. Na koti la bodaboda huvaliwa kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, kwa sababu zipu ikiwa mbele upepo hupenya katikati ya meno yake. Ubaya wake ni kwamba ukilivaa hivyo mikono yako haifiki nyuma. Wengi huliacha wazi mgongoni, ila siku ya mvua lazima lifungwe, na lazima mtu akufunge. Kila alfajiri ya mvua nilimfunga Kondo, naye akanifunga mimi, akinipiga kofi begani akimaliza na kusema, "Haya, nenda."

Makoti hayo tuliyapata kwenye balo moja, robota la mitumba. Mama Rehema, muuza mitumba wa sokoni Maili Moja, alitudokeza jana yake kwamba anafungua makoti ya baridi, na mvua ilikuwa imeanza kunukia. Kwenye balo sheria ni moja tu, mwenye mkono wa kwanza ndiye mwenye mali. Nyaya zilipokatwa tu na makoti yakajimwaga chini, mkono wangu ulitua juu ya ngozi. Lilikuwa jeusi, zito, na mikanda mabegani na vifungo vya chuma. Nikalivaa papo hapo, na vijana wa kijiwe wakapiga mluzi. "Dah, mwana, umetoka kinoma!" Nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu, nikajiona nimeyapatia maisha.

Kondo alikuwa bado amechuchumaa kwenye lundo. Alichukua koti moja moja, akakunja kitambaa, akakiweka mdomoni.

"Oya Kondo," mmoja akamwita, "unayabusu makoti ya wazungu?"

"Napuliza. Pumzi ikipita, na upepo utapita."

Alipuliza mengi akayatupa. Kisha akapata moja, akaomba chupa ya maji ya kunywa ya Mama Rehema, akamimina kwenye mkono wa koti. Maji yalikusanyika yakabingirika yakadondoka, kama juu ya jani la gimbi. Akaligeuza ndani nje akaonyesha mishono ilivyobandikwa utepe. Akakaa kama aliyeshika usukani, akanyoosha mikono, akaona kifundo hakitoki nje. Lilikuwa la zambarau, limekatwa kike, na mgongoni limeshonewa sungura mweupe mkubwa mwenye masikio yaliyosimama.

"Hilo la kike, baba," Mama Rehema akamwambia.

"Mvua haiulizi, mama." Kisha akanigeukia. "Mtani, lako zuri. Ila lipulize."

"Mimi si muuza maputo."

"Ngozi ni nyama, mtani. Inakunywa."

Nilimcheka. Nilimwambia akishamaliza kuvaa nguo za shangazi yake tuondoke, abiria wanasubiri.

Wiki haikuisha. Nilimpeleka mfanyabiashara wa mihogo Chole, na nikiwa narudi peke yangu, mvua ikanikuta kabla ya Masaki. Koti lilianza kunywa mabegani. Kisha viwiko, kisha kiuno, na lilivyozidi kunywa ndivyo lilivyozidi kuwa zito, mpaka nikahisi nimebeba mtu mgongoni ambaye sikumtoza nauli. Nilifika Mkuza meno yakigongana. Zipu ilikuwa imeng'ang'ania nyuma, na Kondo alinitoa ndani yake kwa praizi, akicheka na huku akilaani. Kesho yake nilikuwa na homa na vichomi, nikachomwa sindano kwenye zahanati, nikalala. Kondo alinichemshia mchaichai na uji wa muhogo, akakaa mlangoni akinitazama nikinywa. "Pona," alisema. "Ukifa hapa nani atakubeba mpaka Tabora? Mizigo ni kazi yenu, sisi hatujazoea."

Siku niliyorudi kijiweni mawingu yalikuwa yamefunga. Koti langu la ngozi lilikuwa limekauka, nimelitundika kwenye usukani, gumu kama ubao. Kondo alilijia mbele ya watu wote. Akalivaa kinyume, akageuka ili mmoja amfunge zipu, akapanda juu ya tofali. "Jamani, nyote mashahidi. Mimi mtani nimelipenda koti la mtani wangu. Nimeliiba!" Na lile la zambarau akanirushia usoni.

Mtani akikunyakulia kitu hadharani namna ile, huna ruhusa ya kumdai. Ukinuna, umeshindwa, na watu watakuimba mwezi mzima. Nami nilinuna rohoni, nikatabasamu kwa meno. "Nguo ya kike unanipa mimi?"

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, najua. Ila hii sikukuazima. Nimekutupia."

Kijiwe kizima kililipuka kwa kicheko. Mvua ikaanza, na sikuwa na lingine, nikalivaa. Kwa kuwa lilikaa kinyume, sungura alikuja kifuani, masikio yake yakinigusa kidevu. "Sungura huyo!" mtu akapiga kelele, na jina likabaki mpaka leo.

Nililipiza. Miezi ile yote nilimwita Mwizi. Abiria akimkaribia nilisema, "Mama, usipande kwa huyo, atakuvua khanga barabarani." Akina mama walicheka wakapanda kwangu, naye aliinua mikono kama aliyekamatwa. Nilimsema kwa wauza chai, nilimsema kwa trafiki, nilimsema mbele ya sheikh ambaye yeye alikuwa akimpeleka Kisarawe. Kila nilipomsema aliongeza chumvi yeye mwenyewe. Na katika kumsema huko niliona mambo mawili ambayo sikutaka kuyaweka pamoja. La kwanza, mimi nilikuwa nafika nimekauka. Nilishuka kwenye mvua nikafunguliwa zipu, na shati langu ndani lilikuwa kama limetoka kupigwa pasi. La pili, Kondo alikuwa ameanza kukohoa.

Mvua zilipokomaa nilimpeleka mwalimu mmoja Msimbu, na kijito njiani kikajaa nyuma yetu, nikashindwa kurudi. Nikaenda kwao Kondo, naye alikuwepo. Mama yake, Bi Tabu, alitupikia bada, ule ugali mweupe wa muhogo unaonata, na kisamvu cha nazi, na akanitania kwamba kwetu tungekula kwa koleo. Nilikula mpaka nikashindwa kuinuka. Walinitandikia mkeka chumba cha mbele, mchana ule ule, mvua ikipiga bati, na koti la sungura likaning'inia kwenye msumari juu yangu, kavu. Nyumba ile ya udongo kuta zake za ndani hazifiki paa. Kikohozi cha Kondo kilinigutusha kutoka upande wa pili, na sauti ya mama yake ikaniamsha kabisa.

"Kikohozi hiki si cha vumbi. Lile koti ulilonionyesha liko wapi?"

"Analo mtani. Nimemwibia lake."

"Umemwibia bovu ukamwachia zima? Wewe ni mwizi wa wapi?"

Kondo alicheka, akakohoa. "Ningempa, mama, asingepokea. Hawa watu wana kiburi. Akiibiwa atanuna, lakini atavaa. Yule kifua chake hakijazoea maji ya huku, alitaka kufa mle chumbani."

"Na yeye hajui?"

Nilisikia mvua tu. "Hajui," akasema.

Ningeweza kuinuka. Nimelirudia jambo hilo mara nyingi, na kila mara njia inakuwa nyepesi sana: ninasimama, ninachukua koti kwenye msumari, ninazunguka ukuta, ninamwambia mtani, chukua. Ningeweza hata kulisema kwa utani asione haya. Nilifumba macho. Watu wangenielewa kama ningesema nilimwonea aibu, au sikutaka kumharibia siri yake nzuri, na kweli hayo yalikuwemo. Lakini la kwanza kabisa lilikuwa joto. Koti lile lilikuwa na joto, na njia ya kurudi Kibaha ilikuwa ndefu, na mvua ilikuwa nje. Jioni mvua ilipopungua Kondo alinifunga zipu mgongoni akanipiga kofi begani, nami nikageuka nikamwambia, "Asante, Mwizi," na mama yake akacheka mlangoni.

Nitasema pia kwamba nilijaribu kulirudisha, mara moja, maana sitaki kujifanya mbaya kuliko nilivyokuwa. Asubuhi moja nilimtangulia kuamka, nikavaa la ngozi nikaliacha la sungura kwenye mkeka wake. Alinifukuza kwa miguu mpaka kituo cha mafuta, na kaptura yake na ndala moja, akinivuta mkanda wa bega mbele ya madereva wa malori. "Mwizi haibiwi!" alipiga kelele. "Mmeona wapi mwizi akaibiwa?" Watu walikufa kwa kucheka. Nililivua nikampa. Na nilipokuwa nalivaa tena lile la zambarau, nilihisi nafuu, nafuu ya kweli kweli, mwili mzima ukinishukuru kwamba nimejaribu na nimeshindwa. Ningekuwa nimelishikilia kidogo tu zaidi, angechoka kukimbia. Alikuwa tayari ana pumzi fupi.

Nimewaza sana juu ya utani tangu afe. Kwetu huwa tunausifu kwamba unaunganisha watu, na ni kweli. Kwa Kondo ulikuwa njia ya kunipa bila mimi kujiona napewa. Kwangu ukawa njia ya kupokea bila kushukuru. Mtani haombwi radhi, haambiwi pole, haambiwi asante ya dhati, na mimi nilijificha humo kama mtu aliyejibanza kwenye kibaraza cha watu mvua ikinyesha. Mwaka ulipokwisha Kondo alirudi kwao kulima na kuendesha pikipiki huko huko, nami nikabaki Kibaha. Zipu ya koti la sungura iliharibika nilipokuwa nafungua duka. Nililifanya funiko la injini, kisha matambara ya kufutia oili, na sungura mwenyewe, kwa kuwa kitambaa chake kilikuwa kizuri, alidumu mwisho kabisa. Nilimtupa siku ya kufagia, nikiwa na haraka.

Tulikuwa tukionana kwenye harusi na misiba. Kila masika alikohoa, na kila masika nilimwita Mwizi. Alipozidiwa mwaka huu nilimfuata daktari aliyemtibu, nikamwuliza habari ya mvua na makoti, na daktari alinisikiliza kwa subira. Alisema mapafu ya Kondo yaliliwa na moshi wa tanuri za mkaa alizochoma Masaki tangu utotoni, na sigara zikamalizia. Mtu hafi leo kwa kulowa zamani, alisema. Nilimshukuru sana. Aliniondolea kosa lote, na nilipotoka nje nililikuta linanisubiri pale pale nilipoliacha.

Siku ya kuondoa matanga Bi Tabu alituma niitwe. Nilimkuta amekaa kitandani chumba kile cha mbele, amezeeka mpaka amekuwa mdogo, na magotini ameweka kitu kimekunjwa ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnyamwezi, watu wananiambia umekuja kulia."

"Ndiyo, mama."

"Kulia tunaweza wenyewe." Akafungua kanga. Lilikuwa koti la ngozi. Sikuwa nimeliona kwa miaka. Kondo alikuwa amelipaka mafuta ya nazi mwaka baada ya mwaka, limelainika, limeng'aa, mikanda ya mabegani bado ipo. "Zena yumo ndani kwenye eda yake, hali, halii sawasawa, hasemi. Amekauka. Vaa, ukafanye kazi yako."

"Mama, siwezi."

"Mnyamwezi hawezi kubeba?"

Nikaingiza mikono, kinyume, kama zamani. Nikamgeuzia mgongo nikachuchumaa ili anifikie, na mikono yake ya uzee ikaisukuma zipu taratibu mpaka ikapanda yote. Akanipiga kofi begani. Sijui kama alijua mwanawe alikuwa akifanya hivyo.

Nilitoka uani nikitembea kama Kondo, mguu mmoja ukichelewa, mkono kiunoni. Wanawake kwenye majamvi walinigeukia, kisha mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo. "Mimi ndiye mwizi wenu!" nikapaza sauti. "Nimeiba koti la Mnyamwezi mchana kweupe, na huko nilikokwenda nimeambiwa nirudishe!" Mjomba wa kahawa alipiga makofi. Nilimwigiza akinifukuza na ndala moja, nilimwigiza akipuliza makoti sokoni, na kicheko kikawa kinapanda. Nami kadiri walivyocheka niliona kwamba ni leo au basi tena. Nikasimama wima. Nikaiacha sauti ya Kondo, nikasema kwa sauti yangu.

"Nilijua. Mvua ile, humu humu ndani, nilimsikia akimwambia mama yake kwamba ameniachia koti zima akachukua bovu. Nikajifanya nimelala. Nikaamka nikavaa koti kavu nikaenda zangu. Mwaka mzima. Yeye alilowa, mimi nikamwita mwizi."

Uwanja ulilipuka. Watu waliangukiana. "Hee!" mjomba alilia kwa kicheko, birika likimwagika. "Kumbe mwizi ni wewe! Mnyamwezi kajifanya kalala!" Nikasema tena, "Jamani, ni kweli," na hilo likawazidishia. Nilikuwa nimelibeba neno lile tangu ujana wangu, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kulipokea, kwa sababu mtani akiwa kazini kila asemalo ni mzaha. Kisha kutoka ndani, juu ya ule ukuta usiofika paa, nilimsikia Zena akicheka. Alicheka kwa sauti ndefu, na mwisho wake kile kicheko kikapasuka kikawa kilio, kilio chenyewe, na wanawake wakainuka kumfuata ndani. Kazi ilikuwa imefanyika.

Nilirudi kwa Bi Tabu nikakaa sakafuni. Alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kanga, na sikujua anafuta nini.

"Mama, sikuwa natania."

"Najua. Ulikuwa unakoroma kama pikipiki yako. Nilipomwuliza habari za koti, ukanyamaza ghafla. Mtu aliyelala haachi kukoroma ili asikilize."

"Na Kondo?" nikamwuliza.

"Si alinionyesha kwa kidole," akasema. "Akaelekeza huko ukutani, akaweka kidole mdomoni. Ulipoondoka nikamwambia, mwanangu, sasa anajua, atakurudishia. Akasema, hatarudisha, mama. Mwache, avae."

Alilisema bila uchungu wowote, kama anayenitajia njia ya mtoni. Nikakumbuka alfajiri zote zilizofuata, mimi nimempa mgongo, yeye akinipandishia zipu taratibu, anajua kwamba najua. Nikakumbuka mbio za kituo cha mafuta. Nilitaka anitukane. Badala yake alinisukumia sahani ya wali.

Nilipotaka kuvua koti alinizuia. Mtani akivaa cha marehemu huondoka nacho, alisema, na tena nje kunanyesha. Ni kweli kulikuwa kumeanza. Niliwasha pikipiki nikapita Kisarawe mjini bila kusimama, na kabla sijafika Kiluvya koti lilikuwa limeanza mabegani, pale pale lilipoanzia zamani. Mafuta ya nazi yalilichelewesha kidogo tu. Viwiko vikafuata, kisha kiuno, na uzito ule ukarudi mgongoni, naujua, nilikuwa nao siku moja tu na yeye akawa nao masika yote. Kuna vibaraza njiani ambapo watu wa bodaboda walijibanza, wakanipungia mkono nijiunge nao. Niliendelea.

Nilifika dukani bado kuna mwanga. Mke wangu alitoka akanitazama, maji yakinichuruzika mpaka kwenye viatu, akauliza nimetoa wapi koti kama hilo. Mikono yangu haikufika nyuma. Alikuja akasimama mgongoni kwangu, akaishika zipu, akasema imeng'ang'ania, akalete praizi?

Nikamwambia asubiri kidogo.